Mchanga Nilioumwaga

Siku yangu ya kwanza maabara, pale Bukoba, nilipewa chekeche la waya mwembamba, ndoo ya maji na kipande cha tope. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne. Mkuu wa Maabara, mzee Mwislamu wa mjini mwenye kicheko kikubwa, alinieleza kwamba tope lile lilichotwa kwa bomba refu chini ya ziwa dogo upande wa Muleba. Tabaka la juu ni la juzi, la chini ni la enzi za mababu wa mababu zetu.

"Osha, chekecha, nikirudi nione," akasema, akaenda msikitini. Ilikuwa Ijumaa.

Vijana mnaosoma haya, mjue tulichokuwa tukitafuta. Maji yenye nguvu hubeba chembe kubwa. Maji yaliyotulia huacha chembe laini zizame polepole. Ukikuta mchanga katikati ya ziwa, basi zama zile ufuko ulikuwa karibu, au mto uliingia kwa kasi. Ukikuta udongo wa mfinyanzi laini kama unga, palikuwa na kina kilichotulia. Mkuu alitaka kujua jambo moja: je, ziwa lile liliwahi kupungua hadi karibu kukauka? Jibu lilikuwa ndani ya kipande nilichokishika.

Kwetu Buganguzi nilikua nikikamua ndizi kwa majani. Maji ya ndizi ya kutengenezea rubisi, pombe ya kwetu, unayakinga, machicha unayatupa migombani. Nami nikaosha tope vivyo hivyo: kilichopita kwenye chekeche nikakihifadhi kwa uangalifu, kilichobaki juu nikakimwaga uani.

Mkuu aliporudi aliangalia chekeche tupu. "Kilichobaki kiko wapi?"

"Machicha, waitu?" nikamjibu kwa heshima ya Kihaya. "Nimemwaga."

"Umemwaga!" Akakaa kitini. "Rubisi yenu mimi siijui, kijana, lakini hapa tunaotafuta machicha ni sisi."

Tulitoka sote wawili tukainama uani. Mvua ilikuwa imetutangulia. Mchanga wa ziwani ulishachanganyika na wa uani. Kipande kingine cha tabaka lile hatukuwa nacho, na bomba lilikuwa la kuazima, limesharudishwa.

Mkurugenzi, aliyekuwa juu ya Mkuu, alipokuja kuchukua taarifa alikuta pengo kwenye mchoro wa matabaka. "Kadiria ujaze," alimwambia Mkuu. "Nani atajua?"

Mkuu akanionyesha kwa kidevu. "Huyu atajua."

Pengo likabaki. Mimi nilidhani nimefukuzwa, lakini Jumatatu iliyofuata Mkuu alinipa chekeche lilelile, akasimama nyuma yangu akinitania kila nilipoinua ndoo: "Taratibu, mkamua ndizi!"

Baadaye nilipelekwa Kemondo kupima mchanga uliokuwa ukijaa bandarini, kisha Muleba, chini ya wakuu wengine, wapole na wakali. Hakuna aliyenifunza kama yule wa kwanza. Alifariki bila kulipata jibu lake.

Sasa nimestaafu, niko Nshambya. Wajukuu huniuliza kama ziwa lile liliwahi kukauka. Ningeweza kukadiria, wangeniamini. Huwajibu: sijui, na sababu ya kutojua ni mimi.