Bomba la Chuma Nililouza

Kwa umri huu nilionao, hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne, nikabeba magunia stesheni ya Mpanda mpaka bega likaota sugu, nikaendesha bajaji, na leo nina maduara mawili, mashimo ya kuchimbia dhahabu. Wenye diploma wanakuja kwangu kuomba kazi. Kwa hiyo mtu asinifundishe habari za sauti. Sauti niliijua kabla sijajua kusoma.

Utotoni tulikuwa tunalaza sikio kwenye reli. Treni ya kutoka Kaliua bado iko porini huko, hewani husikii kitu, lakini chuma tayari kinanong'ona. Sauti ni mtikisiko tu. Kitu kinatikisika, kinamsukuma jirani yake, jirani naye anamsukuma wa mbele, kama watu kwenye foleni. Kwenye chuma wamebanana, msukumo unafika mbio. Hewani wameachana, unafika umechelewa na umechoka. Kwenye kitu laini kila mmoja anaumeza kidogo, mpaka unaisha njiani.

Nilikuwa nayajua haya yote. Ndiyo maana yananiuma.

Duara langu la kwanza lilikuwa na bomba la chuma, limeshuka kutoka mdomoni hadi chini, mita thelathini na tano. Wa chini wakigonga mara moja, tumefika salama. Mbili, vuta ndoo. Tatu, tuna shida. Msimamizi wangu, mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi, aliliheshimu bomba lile kuliko alivyoniheshimu mimi. Hakuna aliyeshuka mpaka wa kwanza agonge na yeye ajibu.

Akatokea mnunuzi wa vyuma chakavu na laki mbili taslimu. Nikauza. Mahali pake nikashusha bomba la plastiki la kupeleka hewa, nikawaambia wakiwa na shida waligonge hilo hilo. Bomba moja, kazi mbili. Nilijisifu wiki nzima.

"Bosi, plastiki haisemi," mzee akaniambia.

"Itasema. Wewe umesomea wapi mambo hayo?"

"Pale pale uliposomea wewe, bosi."

Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyeacha nyavu Karema kuja kutajirika kwangu. Mama yake alinikabidhi kwa mkono wake, akasema nimrudishe kama alivyokuja.

Siku hiyo walishuka watatu, shemeji akiwemo. Saa tano asubuhi mdomo wa duara ukatoa vumbi. Halikuwa jingi. Lilitoka polepole, kama mtu anayepumua kwa shida. Nikachomoa lile bomba kwenye mashine ya kusukuma hewa, nikaita, nikatega sikio. Kimya.

Kule chini njia zinagawanyika, kulia na kushoto. Asubuhi nilikuwa nimewaambia wafanye kulia, na mimi nikisema kitu kinafanyika. Nikawashusha watu wa duara la pili wafukue kulia. Mzee akashauri kwanza kila mtu anyamaze, tusikilize. Nikamjibu kwamba hatuna muda wa kusikiliza. Tukafukua masaa mawili, tukakuta ukuta mzima na hakuna mtu.

Mzee hakuniomba tena. Akazima mashine mwenyewe, akawanyamazisha wote, akashuka, nikamfuata. Akachomeka moko, ile patasi yetu ya kuvunjia mwamba, kwenye ufa wa upande wa kushoto, akaiuma kwa meno na kuziba masikio kwa viganja. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniachia niiume mimi.

Chuma kilikuwa cha baridi, kina ladha kama ya damu. Sikusikia kwa masikio, nilisikia ndani ya fuvu. Tatu. Kimya. Tatu. Kimya kirefu. Halafu moja, mbili, nami nikaingoja ya tatu huku meno yananiuma.

"Wako huku," mzee akasema.

Wawili tuliwatoa jioni, wazima. Mmoja wao alikunywa maji kwanza, akaniambia bila hasira: "Aliyekuwa anagonga ni shemeji yako. Alianza na lile bomba, akaligonga saa nzima kabla hajahamia kwenye jiwe. Sisi tukajua mmesikia."

Kipande kile cha plastiki ninacho nyumbani. Kina makovu ya nyundo, yamepangana.

Karema, mama mkwe hakulia mbele yangu. Aliniuliza jambo moja tu, kama mwanawe hakuita.

Wachimbaji nao walikataa kushuka mpaka chuma kirudi, na mnunuzi alikuwa bado hajakikata. Jeneza, gari la Karema, ng'ombe wa msiba, matibabu ya wale wawili, na bomba lile lile kwa bei mara mbili: nikitoa ile laki mbili niliyouzia, zilinitoka shilingi milioni nne, laki saba na elfu sitini.