Dakika Saba za Mwanzo

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kiliingia Kariakoo, na vingine havikuwa na mwenyewe. Ndivyo albamu moja ya Wazungu ilivyofika kwenye kibanda cha mjomba wangu, ambako tulikuwa tukiwarekodia watu kanda. Aliileta wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini, naye alipewa na baharia. Alitaka kopi moja. "Isikilize mwenyewe," akasema, "halafu uniambie kama hao ni watu."

Ilianza na bibi kizee akiita ng'ombe, na fidla ikimfuata nyuma. Kisha bila taarifa ngoma zikamwagika kama mvua ya mawe juu ya bati, magitaa yakavuma, na mwanamume akapiga yowe mpaka spika ikakwaruza. Halafu bibi akarudi, kana kwamba hakusikia kitu. Siku hizi najua kuwa muziki ule unaitwa black metal, na kwamba hata wapenzi wake waliwashangaa wale jamaa kwa kuuchanganya na nyimbo za vijijini kwao. Wakati ule nilijua tu kwamba bibi yangu, kule Kilimanjaro, alikuwa na sauti ileile akitoka kukata majani. Ng'ombe wetu hawaitwi, wanakaa bandani na kuletewa majani, kwa hiyo hata sijui alikuwa akimwimbia nani.

Mjomba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alisikiliza nusu dakika akasema nimzimie mashetani yale. Nikazima. Nilishaamua kujirekodia kopi yangu akienda kula.

Hapa nieleze kosa langu, maana asiyefanya kazi ile hawezi kulifanya. Kaseti ina vijipande viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, vinabaki vitundu, na deki haikubali tena kurekodi juu yake. Kanda mpya zilikuwa ghali, kwa hiyo sisi tulinunua kuukuu, za mahubiri na za masomo ya Kiingereza, tukaziba vitundu kwa karatasi, zikarekodika upya. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Kanda yoyote iliyonifikia niliiziba huku napiga soga, bila hata kuitazama.

Asubuhi ileile mzee mmoja wa Kihindi kutoka Upanga alikuwa ameleta kanda ya marehemu mkewe, akiimba bhajani, nyimbo za ibada za Kihindu, nyumbani kwao. Vitundu alivivunja mwenyewe, ili isije ikafutwa. Alitaka kopi sita za watoto na ndugu, kwa ajili ya siku ya kumi na tatu ya msiba. Hakuwa na kanda nyingine yenye sauti ya mkewe. Nikamwambia aje alasiri, nikamwuliza mjomba kitu fulani, na katika kuuliza huko nikaiziba kanda na kuitia kwenye kopo pamoja na zile kuukuu.

Mjomba alipoenda kula, nilichukua ya juu kabisa, nikaanza kuirekodia ile albamu. Dakika saba zilikuwa zimepita nilipoinama kuangalia tepu imefika wapi, na kupitia kioo cha deki nikaona maandishi ya Kigujarati. Nilibonyeza stopu.

"Mwambie deki imekula tepu," mjomba alisema aliporudi. "Si zinakula kila siku?"

Sikuwa mkweli kuliko yeye. Niliona tu kwamba mzee angeomba kuiona hiyo tepu iliyoliwa.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia mzee alipokuja alasiri.

"Marahaba, binti. Tayari?"

Nilimweleza yote, hadi habari ya karatasi. Hakunifokea, na hilo lilinitia aibu zaidi. Alivuta kigoda, akaketi, akasema anataka kusikia. Nikamchezea. Wapita njia waligeuka kututazama. Yeye alikaa na mikono magotini, na lile yowe lilipofika akainua kichwa.

"Huyu anayelia," akaniuliza, "kafiwa na nani?"

"Sijui, baba."

Aliendelea kusikiliza. Mwishowe makelele yakakatika ghafla, na sauti nyembamba ya mkewe ikatokea katikati ya wimbo. Mzee akafumba macho. Wimbo ulipokwisha alinionyesha kwa kidole nisimamishe.

"Kopi za watoto zianzie hapo alipoingia yeye."

"Nisamehe, baba. Umepotea wimbo mzima wa mwanzo."

"Huo wanaujua, aliwafundisha wenyewe. Watauimba." Akaitazama deki. "Lakini kabla hajaanza kuimba alikuwa ananigombeza, nizime feni, inaingia kwenye kanda. Mimi nilikuwa nasikiliza hapo tu."