Vidole Viwili Chini ya Kitambaa

Wodi nzima tulimwita Vidole Viwili, na mwenyewe aliliitikia jina hilo bila kununa. Alikuwa muuguzi wa wanawake waliopasuliwa, mama mtu mzima, mfupi, anayeburuta viatu kidogo, kwa hiyo ulimsikia kabla hujamwona.

Mimi ni fundi cherehani. Nililazwa nitolewe uvimbe tumboni. Kabla ya kupasuliwa, Vidole Viwili alitaka kunipima unene wa miguu, tepu ya wodi haikuonekana, akaazima yangu. Fundi hakosi tepu mkobani hata akienda kuchanwa yeye. Miguu yote miwili ilikuwa sawa.

Nilipozinduka nilikuta nimefungwa mifuko ya kitambaa kutoka kifundo hadi chini ya goti, imeunganishwa kwa mipira na kisanduku kilichoning'inia kitandani. Kisanduku kinavuma, mifuko inajaa upepo, inabana, inaachia. Nilikereka.

"Nesi, hiki kidude kinanikamua kama nguo mbichi."

"Ndiyo kazi yake, fundi. Umelala, damu ya miguuni inazubaa. Ikizubaa sana inaganda mshipani, na bonge likipanda kwenye mapafu, tutakulilia. Acha mashine ifanye kazi ya kutembea mpaka uinuke mwenyewe."

Halafu akaingiza vidole viwili kati ya kitambaa na mguu. Vikipita kwa shida, analegeza, vikichezacheza, anakaza. Alifanya hivyo kwa kila mgonjwa, kila alipopita, hata kwa yule bibi wa dirishani aliyemtukana kila asubuhi. Tulipomtania kwamba haamini macho yake, alijibu, "Macho yana haraka. Vidole havina." Mimi, niliyezoea kufumua kazi za mafundi wenye haraka, nilimpenda hapo hapo.

Sasa, nina dada yangu mkubwa ambaye ananipenda mpaka ananidhuru. Alikuja kushinda nami siku ambayo Vidole Viwili alikuwa mapumzikoni. Akaniona ninavyokunja uso mashine ikibana, akasikitika. "Maskini mdogo wangu, umepasuliwa tumbo, wanakutesa miguu!" Nilikuwa nimemeza dawa ya maumivu, nikalala usingizi wa pono. Yeye akanivua ile mifuko, na ili wauguzi wasigombe, akaifunga kwenye mto, akaufunika kwa shuka miguuni pangu. Mashine ikashinda na kulala inaukanda mto. Kila muuguzi aliyepita alisikia kisanduku kinavuma, akaona shuka linapanda na kushuka, akaendelea na safari yake.

Asubuhi Vidole Viwili alirudi kazini. Akapenyeza mkono chini ya shuka, akapapasa.

"Huyu mbona hajapasuliwa?" akasema, akautoa mto.

Wodi ikaangua kicheko. Dada, aliyekuwa amerudi kunitazama, akacheka pia, kwa aibu. "Basi mrudishie, nesi, yaishe."

Vidole Viwili aliichukua mifuko, lakini hakunivisha. Alinishika miguu kwa viganja vyote viwili, taratibu, na kicheko kikatoweka usoni mwake. "Fundi, huu wa kushoto unauma?"

"Tangu alfajiri. Kwa usingizi wa dawa nilidhani nimelalia vibaya."

"Nipe tepu yako."

Alipoizungusha nilijua kabla hajasema neno. Tepu naisoma hata ikiwa juu chini. Mguu wa kushoto ulikuwa umeuzidi wa kulia kwa zaidi ya inchi. Niliogopa, sitaficha. Nilijiona nimefunikwa shuka mpaka kichwani.

"Washa basi!" dada akalia. "Si mashine ya kuzuia?"

"Ya kuzuia, dada. Kama bonge limeshaingia, kubana kunaweza kulisukuma. Siwashi. Na wewe fundi usiinuke, wala mtu asikusugue."

Akamwita daktari, naye akaja mbio. Kipimo cha picha kilionyesha damu imeganda, bado ipo mguuni. "Umefanya vizuri hukuwasha," daktari alimwambia mbele yetu, akaniandikia sindano za kuzuia bonge lisikue. Dada alikimbilia korido kulia. Vidole Viwili alimfuata, nikamsikia: "Ulimvua kwa mapenzi. Sasa mpende kwa kunisikiliza." Hakumgombeza hata kidogo. Mimi ningemgombeza mpaka sauti inikauke.

Nilipona. Nikarudi kwenye cherehani yangu, na siku moja nikasikia viatu vinaburuzwa mlangoni. Alitaka kushonewa sare mpya. Nikampima kiuno, nikaingiza vidole viwili chini ya tepu ili nguo isimbane, ndivyo tufanyavyo mafundi. Akaviona, akacheka mpaka akashika meza.

Nilipoinama kupima urefu wa gauni ndipo nikaiona miguu yake. Soksi zilikuwa zimeacha mifereji, vifundo vimevimba kwa kusimama kutwa.

"Na wewe, nani anakushika miguu?" nikamuuliza.

Akashusha pindo la gauni kuvifunika vifundo.

"Kaa," nikamwambia.

Nikapima mguu wa kulia, nikapima wa kushoto. Sawa sawa. Nikamvua viatu, nikaiinua miguu yake juu ya kigoda, nikaweka mto chini yake.

"Mto huu nao haujapasuliwa," akasema, akafumba macho. Mteja aliyefuata nilimwomba asubiri nje.