Mpishi Asiyeonja

Kila nchi ina namna yake ya kumwogopa mpishi. Kwingine watu humtazama kucha, kwingine humtazama mfuko anaoondoka nao jioni. Gitega humtazama mdomo. Kasilda hakulijua hilo, na kutolijua kulikaribia kumponza adhuhuri moja ya Septemba mwaka 2008, mbele ya lisee nzima, shule ya sekondari ya bweni.

Aliondoka Burundi akiwa mtoto wa kushika upindo wa kitenge cha mama. Mwaka ule wa tisini na tatu, vilima vya kwao Nyarusange vilipowaka kwa vita, walikwenda kaskazini kwa miguu hadi Muyinga, wakavuka mpaka wa Tanzania, wakaishia kambini upande wa Ngara. Huko alikulia, na huko alipata kazi yake ya kwanza: kupika uji katika kituo cha lishe cha watoto waliodhoofika.

Kazi hiyo aliipata kwa aibu ya mtu mwingine. Mpishi aliyemtangulia alionekana akilamba mwiko. Alilamba tu, kama afanyavyo mtu yeyote wa jikoni, apate kujua sukari imekolea. Lakini foleni ilikuwa ya akina mama wenye vikombe vitupu, na mbele ya njaa kulamba ni kuiba. Waligonga vikombe mpaka mwanamke yule akavua aproni, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Tangu hapo wapishi wa kituo walijifunga kitambaa mdomoni kila walipogawa, ili kila mama aone kwa macho yake kwamba uji wa mwanawe hauna mlaji mwingine. Kasilda alijifunza kupika kwa pua, na kwa uzito wa mwiko mkononi. Kwa watu wa kambi, mwanamke wa kitambaa alikuwa mwanamke mwaminifu.

Kisha amani ikaja na malori ya kurudi nyumbani. Walipita mpakani Kobero, wakateremka Muyinga, wakafika Nyarusange kukuta baba wadogo wamelima mpaka kwenye kizingiti cha nyumba ya zamani. Baada ya vikao vingi, mama yake alikatiwa kipande karibu na bonde. Hakuna aliyeandika sharti lolote, lakini mkubwa wa baba wadogo alilisema waziwazi: "Kaeni. Tusisikie neno juu yenu, basi."

Kasilda akatafuta kazi mjini.

Lisee ile ya serikali iko mahali pa juu, majengo ya matofali yaliyochakaa kwa mvua, na ukumbi wa kulia ulio mrefu kama ghala. Mpishi mkuu alikuwa Zuberi, Mwislamu wa Muyinga, mtoto wa wauza vitambaa, aliyefika Gitega kijana akanogewa. Alikuwapo miaka mibaya, wakati wanafunzi wa upande mmoja walipokataa kula chungu kilichokorogwa na mtu wa upande wa pili. Zuberi hakuwa wa upande wowote, au angalau kila upande ulimdhania hivyo. Kila adhuhuri alisimama mlangoni, akachota sufuria ya kwanza akala, akachota ya pili akala, kisha akagonga kifuniko, na watoto wakaketi. Shule ilikuja kufungwa hata hivyo. Askari walilala mabwenini, milango ikawa kuni. Lakini haikufungwa kwa ajili ya chakula, na ilipofunguliwa tena, kule kuonja kulirudi pamoja na kengele. Aliyesoma pale hakuanza kula kabla ya kuona mpishi amemeza.

Mwezi wa Ramadhani, Zuberi akiwa amefunga, aliyeonja alikuwa Emiliana, mpishi wa pili. Mwaka huo Emiliana alichoka, akarudi kulima kwao Ryansoro, na mahali pake pakaja Kasilda. Shule ilifunguliwa Ramadhani ikiwa imeshaanza. Zuberi alimwonyesha mgeni wake kuni mbichi na kuni kavu, maharage ya kuloweka na yasiyohitaji, bomba linalodanganya. Habari ya kuonja hakuisema. Nani humwambia mtu mzima wa Burundi kwamba mgeni hapewi bia kabla mwenyeji hajaimeza kwanza?

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza wanafunzi walimwona mwanamke wasiyemjua, mwenye Kirundi chenye lafudhi ya ng'ambo, akisimama juu ya sufuria na mdomo umefunikwa. Anagawa. Haonji. Wa darasa la chini walikula kwa njaa. Wa darasa la juu walikula kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye kitambaa.

Katikati ya mwezi maji ya bomba yalikatika. Mvua za kwanza zilikuwa zimeosha mabati, na wanafunzi wakanywa ya tangi lililo chini ya paa. Siku iliyofuata bweni zima la wavulana lilikuwa linashika matumbo. Muuguzi alisema ni tangi. Lakini tangi halina mdomo wa kufunikwa, na watu walitaka kitu cha kutazama.

"We Mutanzania," alisema Efrazia, mwosha vyombo, asubuhi ya siku ya tatu, akisugua sahani bila kuinua uso. "Wanakusema huko."

"Wanasema nini?"

"Ah. Mi siko mu maneno ya watu."

"Sema, dada."

"Wanauliza hiyo kitambaa inaficha nini."

Kasilda alizijua sauti za vikombe. Wanadhani nakula chakula chao, aliwaza, wanadhani natafuna huku nyuma. Akainua mikono, akakaza fundo.

Efrazia alimtazama akifanya hivyo, akaokota beseni lake, akaenda kuoshea vyombo upande wa pili wa ua.

Adhuhuri ilipofika, Kasilda na Zuberi walibeba sufuria mbili za maharage hadi ukumbini, wakaziweka juu ya meza ya mlangoni. Zuberi akarudi jikoni kuteremsha ugali. Kasilda akashika upawa na kusubiri foleni.

Foleni haikuja. Wanafunzi walikuwa wamesimama kila mmoja mbele ya sahani yake, na hakuna aliyeketi. Kelele ingekuwa nafuu. Kupitia dirisha la nyuma aliona wavulana wengine karibu na rundo la kuni. Walikuwa wameshika kuni. Hawakuwa wakizipeleka popote.

Mkurugenzi wa shule, Bwana Egidius, aliingia akirekebisha miwani. "Bon. Kaeni, tule."

Hakuketi mtu.

Kutoka meza ya mbele alijitokeza Nazario, kiongozi wa wanafunzi, mtoto wa Makebuko. Vita vilimpotezea miaka, akawa mwanafunzi mwenye ndevu. Mdogo wake alikuwa miongoni mwa waliolala zahanati.

"Mama," alisema, kwa upole uliotisha kuliko ukali. "Tunaomba ule."

Kasilda aliuona mtego, au alidhani ameuona. Ndiyo hii, akajisemea. Nikifungua mdomo huu, watapata walichotaka: mpishi anayekula kabla ya watoto. Akanyoosha mgongo.

"Siwezi," alisema, na sauti yake ilipita kitambaani ikafika mwisho wa ukumbi. "Miaka yote niliyopika sijawahi kutia chakula cha watoto kinywani mwangu. Sitaanza leo."

Alidhani amejisafisha. Ukumbi ulivuta pumzi. Mahali fulani sahani ilipigwa juu ya meza, mara moja, kisha nyingine, kisha zote, na chini ya mlio huo neno moja la Kirundi likaanza kuzunguka kutoka mdomo hadi mdomo: umurozi. Mtia sumu.

Neno hilo alilijua. Kambini lilikuwa limefukuza familia nzima usiku mmoja. Halimshiki mtu peke yake. Humpitia mama yake, huipitia nyumba, hufika sokoni kabla yake. Aliona kipande cha shamba karibu na bonde, na baba mdogo mkubwa amesimama katikati yake. Tusisikie neno juu yenu.

Mkurugenzi alimkaribia, akamwambia chini chini, "Madamu, pitia mlango wa nyuma. Sasa hivi."

"Nyuma kuna watu wenye kuni, Bwana Mkurugenzi."

Mkurugenzi alichungulia dirishani, akarudi nyuma hatua moja.

Ndipo Zuberi akatokea jikoni, mikono myeupe kwa unga. Alitazama sahani zikipigwa, akamtazama Nazario, akatazama kitambaa. Mtu aliyewahi kula sufuria mbili kila siku kwa ajili ya amani hahitaji kuelezwa mambo mara mbili.

"We, mutoto yangu," alimwuliza Kasilda, akiinama sikioni. "Wamekuomba ule, umekatalia nini?"

"Mzee, watasema naiba."

"Kuiba? Kule kambini mpishi akionja, iko nini?"

"Ni mwizi. Wanamfukuza."

Zuberi alifumba macho kidogo. "Basi hapa, mwenye haonji ndiye murozi. Kosa iko yangu. Nilifikiri unajua."

Hakusubiri jibu. Alichukua upawa mkononi mwa Kasilda, akauzamisha katika sufuria ya kwanza, akauinua kuelekea midomo iliyokauka kwa saumu. Wakati huohuo sauti ya mwadhini wa adhuhuri ilipanda kutoka mjini, nyembamba, ya mbali. Mkono wa Zuberi ukasita. Haukushuka.

Kasilda akamshika kifundo cha mkono.

"Ukila wewe, mzee, watakuamini wewe," alisema. "Mimi nitabaki nilivyo."

Akautwaa upawa. Kwa mkono wa kushoto akatafuta fundo nyuma ya shingo. Alikuwa amelikaza mno asubuhi, vidole vikawa vinateleza, na wakati anahangaika nalo milio ya sahani ilipungua, ikafa. Kitambaa kilianguka. Wengi walikuwa hawajawahi kuuona uso wake. Ulikuwa uso wa msichana, karibu rika lao.

Akala. Akameza, akainua kidevu ili koo lionekane.

"Na chini," alisema Nazario.

Akakoroga hadi chini, akachota, akala.

"Na ile."

Akala na ile.

Kisha ikawa kungoja. Hakuna aliyeambiwa angoje, na hakuna aliyejua mpaka lini. Maharage yalitoa mvuke. Kasilda alisimama na upawa, masikio yakivuma, akijisikia kama mwanamke yule wa kituoni, uchi mbele ya vikombe. Tumbo lilimuuma kweli kwa hofu, na akaogopa lisije likamwumbua. Lakini ulimi wake, ulioachwa bila kazi miaka yote ile, ulikuwa unafanya kazi peke yake, na ulikuwa umegundua jambo.

"Hayana chumvi," alisema.

Nazario alimtazama.

"Haya maharage. Hayana chumvi kabisa."

"Mama," alisema Nazario polepole, "hayajawahi kuwa nayo tangu shule ifunguliwe."

Mtu alicheka upande wa wasichana, akajizuia. Nazario hakucheka. Alichukua sahani yake, akaja mezani, akainyoosha. Kasilda akampakulia, na maharage mengine yakamwagika mezani kati yao. Alikula akiwa amesimama palepale. Baada yake wakaja wengine. Meza ya mwisho haikuja siku hiyo, wala kesho yake, na Zuberi alikataza wasisumbuliwe. "Njaa itawaongea," alisema. Wavulana wa kuni waliingia mmoja mmoja, bila kuni.

Habari ilifika Nyarusange kabla ya Kasilda, kama alivyohofu, lakini ilikuwa imepita soko la Makebuko ikanenepa. Baba mdogo mkubwa alimpokea mlangoni kwa macho makali. "Ni kweli ulikula sufuria mbili peke yako?" Mama yake angali analima kile kipande karibu na bonde.

Idi ilipofika, Zuberi hakurudi kwenye nafasi yake ya mlangoni. Alisema ameonja vya kutosha katika maisha yake. Tangu siku hiyo Kasilda ndiye anayechota, anayemeza, anayegonga kifuniko, na wanafunzi waliokuja baadaye hudhani ilikuwa hivyo siku zote. Chumvi inatosha. Jambo moja tu hawalielewi, na wengine humwigiza wakiwa bwenini: kila akipeleka upawa mdomoni, mbele ya macho yote yale yanayomtaka ale, huutupia mlango jicho la haraka, kama mtu anayeiba.