Rimu ya Gari Jekundu la Baba

Wenzangu tuliokulia pamoja Makole, tukicheza rede katikati ya barabara bila kumwogopa dereva yeyote, bila shaka mnalikumbuka gari jekundu la baba yangu. Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, fupi kiasi kwamba beberu akisimama kando yake aliliona paa. Baba, aliyekuwa mpima ardhi, alilinunua likiwa limeshazeeka. Mama hakulipenda kwa sababu halikuwa na nafasi ya gunia hata moja. Sisi watoto tulililinda kama yai. Tulilifuta vumbi kwa kanga kuukuu, na ujira wetu ulikuwa kukaa ndani dakika chache, tukinusa viti vilivyopigwa jua, petroli, na maganda ya karanga alizokuwa akila baba njiani.

Aliyelipenda kutushinda sote alikuwa shangazi Sechelela, mdogo wake baba, aliyeishi nasi. Asubuhi za baridi gari likigoma kuwaka, yeye ndiye aliyelisukuma, kanga kaifunga kiunoni, sisi nyuma yake na mifuko ya shule.

"Siku nikiolewa sisukumi mtu," alimwambia baba. "Nakaa mbele."

Baba alicheka na kumwahidi. Kwa hiyo alipopata mchumba, mwalimu wa Kongwa, hakuna aliyeuliza bibi harusi atapanda gari gani.

Siku kumi kabla ya harusi, baba alikwenda Bahi kutafuta mchele wa pilau. Gunia alilikalisha kiti cha abiria, akalifunga mkanda kama mtu. Wakati wa kurudi gurudumu la mbele likaingia kwenye korongo, na gari likafika nyumbani limepakiwa juu ya lori la mchanga. Rimu ilikuwa imepasuka kuanzia tundu la nati hadi ukingoni, na spea hatukuwa nayo. Shangazi alilizunguka gari mara moja. Mama akamwambia kwamba upande wa bwana harusi wana gari kubwa zuri.

"Najua, wifi," shangazi akajibu, kwa sauti iliyonifanya nishindwe kula ugali wangu, ijapokuwa siku hiyo kulikuwa na mlenda.

Kesho yake baba alinichukua twende kwa fundi Hamisi, Mrangi mrefu aliyekuwa na gereji ya mabati jirani na kwetu. Nilichukuliwa mimi kwa kuwa nilijua kuchora. Fundi aliilaza ile rimu juu ya kipande cha boksi, nami nikaizungushia penseli: matundu manne ya nati, na tundu kubwa la katikati.

"Hiyo ndiyo ramani yako, binti," akasema. "Watu hutazama ukubwa wa tairi tu. Wewe hesabu matundu, tazama yameachana kiasi gani, kisha lile la katikati. Na yote yakikubali, angalia kama rimu imeingia ndani au imetokeza nje."

Tukaanza kuzunguka kwa wauza vyuma chakavu. Ya kwanza ilikuwa inang'aa, na baba akaichukua kabla sijaipima kwa boksi langu. Alitembea nayo begani akisalimia watu ambao siku nyingine huwapungia mkono tu. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Baba, matundu ni matano." Akahesabu. Akahesabu tena, kana kwamba moja lingeona aibu na kuondoka.

Ya pili ilikuwa na matundu manne, lakini tundu la katikati lilikuwa jembamba. Baba akaomba nyundo.

"Mzee, usilazimishe," fundi Hamisi akamzuia. "Itakukatia nati ukiwa na bibi harusi ndani."

Ya tatu ilikaa vizuri, mpaka fundi alipomwambia baba ageuze usukani. Tairi likakwaruza madigadi, krrr, na shangazi akatoka mlangoni akarudi ndani. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Akaanza kusema kwamba gari kubwa ndilo bora, halitamkunjia gauni. Alilisema jambo hilo mara nyingi mno.

Sasa, enzi zile kengele ya shule yetu ilikuwa rimu kuukuu iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, nasi tuliigonga kwa kipande cha nondo. Mimi nilikuwa kiranja wa kengele. Asubuhi ya Jumatano niliinua nondo nigonge, nikaona jua limepenya kwenye matundu. Manne. Nikashusha mkono. Nikatoa boksi kwenye mfuko wa shule, nikapanda juu ya jiwe, nikalibandika nyuma ya rimu. Kila duara la penseli lilikutana na tundu lake.

Siku hiyo shule nzima ilichelewa mstarini, nami nikaitwa kwa mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ndogo na fimbo ndefu.

"Kwa nini hukugonga kengele?"

"Shikamoo, mwalimu. Ile kengele ni ya gari la baba."

Akashusha miwani. "Yeye ametuibia, au sisi ndio tumemwibia?"

Nikamweleza yote, hadi lile gauni la shangazi. Alicheka mpaka akaweka fimbo chini. "Mwambie baba aje. Lakini shule yangu haikai bila kengele hata siku moja."

Baba alikuja na ile rimu yake ya matundu matano. Ilipogongwa, mlio ulifika hadi sokoni, na mwalimu mkuu akakubali papo hapo. Watoro wa Makole walimlaani baba miaka mingi.

Fundi Hamisi aliisugua rimu ya shule kutu, akapitisha kidole gumba ukingoni kutafuta ufa, akaivisha tairi, akaifunga. Baba akageuza usukani kushoto, kisha kulia. Kimya.

"Ilitoka kwenye gari la milango minne la kiwanda hichohicho," fundi akasema. "Ni ndugu."

Shangazi, aliyekuwa akijifanya anapepeta mchele, alitupa ungo akapiga vigelegele peke yake.

Jumamosi alikwenda Kongwa amekaa mbele. Baada ya ibada bwana harusi alikunjwa kwenye kiti finyu cha nyuma, magoti kidevuni, na gari likagoma kuwaka. Ikabidi ashuke na suti yake, alisukume pamoja na wazee wa kanisa. Shangazi hakushuka. Alitupungia mkono tu, na sijawahi kuona mtu mwenye furaha kiasi kile.

Siku hizi mwanangu, anayefanya kazi ofisi za Serikali hapa Dodoma, naye amenunua gari la spoti la zamani. Rimu alizichagua kwenye simu, amelala kwenye kochi. Basi likazileta, kijana wa gereji akazifunga kwa mashine, zikakaa sawasawa. Nilimuuliza nani alimsaidia.

"Nani tena, mama? Nimeangalia tu."

Vijana hawa wana raha, nami siwanyimi raha yao. Nilitoka nje nikasimama kando ya gari, nikisubiri watu waje kutazama, waguse, wabishane. Barabara ilikuwa ya lami, safi, na kila geti limefungwa. Basi nikalizunguka mwenyewe, nikarudi kumwambia mwanangu limependeza.