Siku Arobaini za Josué

Jirani yangu Kibukila ni mtu mwema, ila ana kasoro moja: akiambiwa jambo na mtu aliyevaa koti na tai, hulimeza bila kutafuna. Anauza ndagala, dagaa wa ziwani, hapa mtaani Mulongwe, na nyumba yake iko hatua ishirini tu kutoka mtoni. Mto ulipofurika ulibomoa nyumba nyingi, na kwake ukaondoka na ukuta mzima wa jikoni. Sisi tulisema ni mvua. Pasta Michée, ambaye nyumba yake pia ilianguka, hakukubali. Alifunga siku tatu akaja na jibu: Kibukila ni jina la babu yake aliyekufa maji, na jina hilo ndilo linaloita mto.

Dawa ilikuwa ubatizo. Jumapili asubuhi tulimsindikiza ziwani kwa ngoma, akazamishwa mara tatu hadi akakohoa. Akatoka akiitwa Josué, kama yule aliyevusha watu Yordani kwa miguu mikavu, ingawa yeye alikuwa ametota chapachapa. Tukala wali na jogoo wake wa pekee, mapaja yote mawili yakaenda kwa pasta. Likabaki sharti moja: kwa siku arobaini asiitike jina la zamani, maana akiitika laana inarudi.

Akalishika sharti hilo kwa ukaidi wa mbuzi. Wateja walimwita Kibukila, naye akatazama milima, wakaenda kununua ndagala meza ya pili. Mkewe Generose kila jioni alihesabu ndagala waliobaki, na mimi ninayemjua niliogopa.

Siku ya ishirini na sita, chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, alituita kwenye uwanja wa shule. Waliobomolewa nyumba wangepewa viwanja kule juu, mbali na mto. Utaratibu ulikuwa mwepesi: jina linaitwa mara tatu, na mwenyewe asipoitika kiwanja anapewa mwingine. Generose alikuwa kijijini Katogota akimpalilia mama yake mihogo, kwa hiyo Kibukila alikaa nami.

"Kibukila," sekretere akaita.

Nilimkanyaga mguu. Likaitwa tena. Nikamsihi aitike kwanza, laana tutaishughulikia tukiwa pakavu. Jasho lilimtiririka, akawa anamtazama pasta wake mstari wa mbele, lakini pasta hakugeuka.

"Minye iko Josué," akaninong'oneza. "Inabakia siku kumi na ine."

Mara ya tatu ikapita. Nilitaka kulia kwa hasira.

Majina yakaendelea, hadi likaitwa moja ambalo hakuna aliyelijua: Pitchou Kashindi. Tukageuza shingo kumtafuta. Mtu mmoja mbele alikuwa ameshasimama, kadi ya uchaguzi yenye jina hilo mkononi.

"Iko hapa, chef," alisema Pasta Michée.

Kumbe naye alikuwa na jina la zamani, na alilitunza vizuri. Kibukila akasimama, akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba Kibukila yupo, ndiye yeye, alikuwepo tangu asubuhi. Sekretere alimjibu kwa upole kuwa kiwanja kimeshapata mtu.

Siku hizi ukimwita Kibukila huitika kabla hujamaliza. Ukuta wa jikoni aliujenga upya palepale. Generose humwita Josué mara chache sana: mvua ikinyesha, maji yakifika mlangoni, anapomkabidhi ndoo.