Anakamua Ufuta Asioruhusiwa Kuula

Saa tatu asubuhi. Stamili amepiga magoti mbele ya chungu, uani kwa mama mkwe wake, mwendo wa nusu saa kutoka soko la Newala. Ufuta aliokwisha kuukaanga na kuutwanga unachemka taratibu, na mafuta yameanza kuelea. Anayaengua kwa upawa, anadondosha tone moja nyuma ya kiganja, analilamba ajue kama yameungua.

Kisha anageuka pembeni na kulitema.

"Hayajaungua," anasema, akijifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

Mgongoni mwake amelala Adija, bintiye wa miezi mitano. Ni kwa ajili ya Adija kwamba tone lile halikumezwa. Katika nyumba hii, mama anayenyonyesha hali ufuta, karanga wala korosho mpaka mtoto aote meno. Mafuta, wanasema wakubwa, huyafanya maziwa kuwa mazito, nayo humganda mtoto kifuani.

Chakula chake ni ugali wa muhogo na kisamvu kisichoungwa. Kiangazi kikikaza ni ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ichimbwayo porini. Stamili ana miaka ishirini na sita. Bangili aliyovishwa siku ya harusi hupanda sasa mpaka kwenye kiwiko.

Mumewe, Bwanali, aliondoka mimba ya Adija ikiwa changa, na sasa yuko mwaka wa pili katika mashamba ya mkonge huko Lindi. Kazi ya mafuta ni ya Stamili peke yake. Ufuta uliotwangwa hautoi mafuta bila maji ya moto, na maji yako bondeni. Mabomba ya serikali yamefika bomani mwaka huu wa 1957, lakini kwao bado. Hivyo mara mbili kwa siku hushuka mteremko na kupanda na mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Mtungi wa kwanza ni wa kunywa na kupika. Wa pili unakwenda kwenye chungu.

Sokoni hupanga chupa zake karibu na Sadallah, muuza chumvi.

"Mama Fikirini!" anaita Sadallah akimwona. "Unauza mafuta, mwenyewe umekauka kama ufito wa mwaka juzi!"

"Mafuta ni ya chupani, Bwana Sadallah. Yakihamia mifupani mwangu, mkeo atapikia nini?"

Wanawake wanacheka. Stamili naye anacheka, kisha anainama na kupanga upya chupa zilizokuwa zimepangwa tayari.

Fikirini ni mwanawe wa kwanza. Alifariki miaka miwili iliyopita, akiwa na miezi minane.

"Hakuwa mtoto wa kulia," anasema. "Angelia, ningeshtuka. Alikuwa akinyonya, akiachia, ananitazama tu. Nikamwambia mama mkwe, huyu hashibi. Akaniambia maziwa yangu ni mazito, nipunguze. Nami nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu chenye mafuta, mboga ya karanga niliyokuwa nakula kwa jirani."

Anakaza kanga iliyombeba Adija.

"Nikaiacha. Niliiacha mimi mwenyewe, hakunishika mtu mkono."

Masika yale mtoto akapata homa. Siku ya tatu walimzika.

Adija alipofika miezi mitatu, naye akaanza kunyamaza. Stamili hakumuuliza mtu. Alimfunga mgongoni akaenda zahanati, akampa shikamoo kila aliyemkuta barazani, mpaka akafika kwa muuguzi Sophia, binti wa kijiji cha Chidya aliyejifunza kazi yake Masasi. Sophia alimweka mtoto kwenye mizani. Ratili tisa na nusu. Mtoto wa umri ule, anasema Sophia, angependa kumwona na ratili kumi na mbili au zaidi.

"Akaniuliza kama maziwa yake ni mabaya," anakumbuka Sophia. "Nikamwambia hapana. Hata mama asipokula mafuta, mwili utatafuta mafuta ya kumpa mtoto. Utayachukua kwenye nyama yake mwenyewe. Ndiyo maana unamwona vile."

Anaeleza kwamba chakula cha mama hakibadili sana wingi wa mafuta katika maziwa, ila hubadili aina yake. Mama akila ufuta, karanga au samaki, mafuta hayohayo hupita mpaka kwa mtoto, nayo humjenga. Akila muhogo mtupu, mwili hutengeneza mafuta yake kutokana na huo muhogo, na hayo hayalingani na yale. Njaa ikizidi, hata maziwa yenyewe hupungua.

Stamili alikuwa na swali la pili. Alitaka kujua kama hilo ndilo lililomuua Fikirini.

"Nilimwambia sijui," anasema Sophia. "Homa ile huua hata watoto wanene."

Aliporudi nyumbani alimweleza mama mkwe wake, Bimdogo, yote aliyoambiwa. Bimdogo alimsikiliza mpaka mwisho. Leo anayasimulia mwenyewe, ameketi kwenye mkeka, ungo mapajani.

"Mimi nimezaa saba, wamebaki watatu," anasema. "Mwiko huu nilipewa na mama yangu, nikaushika. Sikudokoa hata punje. Sasa aje mtoto wa juzi na mizani yake, aniambie ufuta haukuwa na kosa? Basi wale wanne, nani aliwanyima?"

Anauinua ungo, anaanza kupepeta.

Tangu siku ile Stamili hula ufuta njiani. Akifika katikati ya mteremko hutua mtungi, hufungua pindo la kanga, hutafuna konzi moja ya ufuta, hupangusa meno kwa jani. Mwezi uliopita Bimdogo alifua kanga ile, akakuta punje pindoni. Aliikung'uta, akaianika.

"Anajua," anasema Stamili kwa sauti ya chini. "Lakini kumeza mbele yake siwezi. Itakuwa kama namwonyesha makaburi ya wanawe."

Jumatano iliyopita Adija alipimwa tena. Ratili kumi na mbili. Amepanda, lakini bado ni mdogo kuliko inavyompasa mtoto wa miezi mitano, na Sophia hakumficha mama yake jambo hilo.

Chungu hiki kikiisha, Stamili ana safari. Mdogo wake, Mwanasha, yuko Chiwata na mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Mwiko ni uleule huko. Stamili anataka kufika kabla mtoto hajazaliwa, akae naye siku arobaini, ampikie mwenyewe.

"Hajazika bado," anasema. "Nataka asijue kunakuwaje."

Kilichobaki ni ruhusa. Anaepua chungu, anafuta mikono, anakwenda kuchuchumaa kando ya mkeka.

"Mama, naomba niende Chiwata kwa Mwanasha. Nikamwuguze uzazi."

Bimdogo anaendelea kupepeta. Makapi yanaruka, ufuta unabaki.

"Nenda."

Stamili anashukuru, anainuka. Amekwisha kupiga hatua mbili, bibi yule anaposema tena, macho yakiwa bado kwenye ungo.

"Mwambie asile njiani kama mwizi. Ale ndani, mbele za watu."